Msaada: draya inapasha moto vizuri, nguo zinatoka na unyevu, taa ya tangi haizimi

Mama Pacha
Wakuu heshima kwenu. Niko Uingereza, mji wa Reading, tunaishi ghorofani. Nina draya (mashine ya kukaushia nguo) ya kondensa, ile isiyohitaji bomba la kutoa hewa nje, ya kilo 8. Tuliinunua mtumba kwa jirani aliyekuwa anahama, na mwanzo ilikuwa inakausha bila shida.

Sasa naweka programu ya pamba, pipa linazunguka, joto lipo tena kali, lakini nikifungua mlango mvuke unanipiga usoni na nguo bado mbichi, hasa taulo na viuno vya jinzi. Halafu taa ya tangi la maji inawaka katikati ya kazi na mashine inasimama. Nikilivuta tangi nakuta maji ya kufunika kitako tu. Vioo vya madirisha ya jikoni vinachuruzika maji, na sakafu mbele ya mashine upande wa kushoto ina unyevu.

Chujio la mlangoni nalisafisha kila nikimaliza mzigo. Fundi anataka hela ya kuja kuangalia tu, na inakaribia bei ya mtumba nyingine. Mume wangu anasema hita imekufa. Je, kuna ninachoweza kufanya mwenyewe kabla ya kumwita fundi? Baridi imeanza, mtoto mmoja ana pumu, kuanika ndani siwezi. Naomba kuwasilisha.

Kipepeo wa Mvita
Pole dadangu. Huku Mombasa ni kamba na vibanio, jua lamaliza kazi bila kuuliza taa ya tangi 😂 Ngoja wenye ujuzi wao waje.

Mzee wa Swichi
Mwambie shemeji hita ni nzima. Hita ikifa nguo zinatoka baridi. Zako zinatoka za moto na mvuke umejaa jikoni, maana yake maji yameshatoka kwenye nguo ila hayajapata pa kwenda. Achana na joto, fuata maji.

Draya ya kondensa ina njia mbili za hewa ambazo hazitakiwi kukutana. Moja inazunguka humo humo ndani: inapashwa na hita, inapita kwenye nguo, inabeba unyevu, inashuka kwenye kondensa. Ya pili ni hewa ya chumbani kwako, inavutwa na feni, inapita katikati ya vibati vyembamba vya kondensa kuvipoza, kisha inarudi chumbani. Mvuke ukigusa bati lililopoa unageuka matone, kama kwenye kifuniko cha sufuria ya wali. Matone yanashuka kwenye kishimo chini ya mashine, na pampu ndogo inayapandisha hadi kwenye tangi.

Sasa wengi hawajui hili: kwenye mashine nyingi hiyo taa hailitazami tangi kabisa. Inawashwa na boya lililoko kule kwenye kishimo. Tangi likijaa maji yanafurika na kurudi chini, boya linanyanyuka, taa inawaka. Kwa hiyo taa ikiwaka na tangi ni tupu, ama maji yako chini hayapandi, ama boya limekwama.

Chomoa plagi ukutani (usiishie kubonyeza swichi ya mashine) na uiache ipoe. Fungua kimlango cha chini kushoto, geuza vishikizo, vuta kondensa taratibu. Tandika taulo, itamwaga maji. Imulike kwa tochi upande mmoja. Usipoona mwanga ng'ambo ya pili, mchawi umempata. Ioshe kwa maji ya shawa pande zote, maana ina matundu ya kwenda mbele na mengine ya kwenda ubavuni. Usichokonoe kwa bisibisi. Vile vibati vikitoboka njia mbili zinakutana, mvuke unatoka chumbani, na hapo ni kununua kondensa nyingine tu.

BabaNuru
Mzee, kabla hajavuta chochote ahakikishe si ya pampu ya joto. Yangu hapa Ujerumani ni ya aina hiyo, ndani ina gesi na kompresa kama friji, na sehemu yake ya kupozea haitoki, unaisafisha hapo hapo kwa brashi laini. Nyingine zina gesi ya propani, inawaka. Ukitoboa bomba lake kwa kuchokonoa, umeharibu mashine na umejitafutia balaa.

Mama Pacha
Ni ya kondensa ya kawaida, nimesoma kibandiko cha nyuma. Vishikizo viwili vya buluu navyo nimeviona.

Chuma cha Pua
Mimi naungana na mume wako. Kuna hita zenye koili mbili, moja ikikatika joto linabaki nusu na nguo hazikauki. Nimekutana nalo hilo. Angepima kwa multimita (kipima umeme) kwanza asije akafua kondensa bure.

Mzee wa Swichi
Mkuu Chuma, hilo lipo kweli, lakini koili moja ikikatika joto linakuwa la vuguvugu, na taa ya tangi haihusiki. Dada kasema joto ni kali. Halafu kumpeleka mtu asiye fundi kwenye hita na multimita ni kumfungulisha kifuniko cha nyuma, ambako kuna kapasita inayoweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa. Aanze na kinachotoka kwa mkono. Kuiosha ni kwa maji tu, hata kama haikuwa mbaya hajapoteza kitu.

Dada, kondensa ikiwa nje, mulika tochi ndani ya hilo pango lake. Manyoya uyatoe kwa mkono na kitambaa kibichi, hasa kwenye mpira unaokaa kati ya kondensa na mashine. Manyoya yakikaa pale mpira hauzibi, na ndiyo maana sakafu yako ina unyevu upande huo huo. Tafuta tundu la maji kushuka kishimoni, lizibue. Na tangi nalo ligeuze: lina kichujio kidogo au kitundu cha kupumulia, kikiziba maji yanarudi chini hata kama tangi ni tupu.

Bi Rehema
Ongezea na mahali ilipokaa, mwanangu. Binti yangu alikuwa ameifungia yake kabatini na mlango anaufunga. Ile hewa inayotoka ni ya moto, mashine inaivuta tena hiyo hiyo, itapoza nini? Vitabu vya mashine nyingi vinataka chumba kisizidi nyuzi 35. Na usirundike kapu la nguo mbele ya matundu ya chini. Ikiwa imeinama mbele pia maji hayafiki kwenye pampu, izungushie vile vimguu mpaka ikae sawa.

Mama Pacha
Jamani! Kondensa ilikuwa imeziba, tochi haikupenya hata tone. Nimeiosha bafuni, maji yalitoka ya kijivu muda mrefu kabla hayajawa meupe. Kwenye tundu la kushukia kulikuwa na tope la manyoya linalonuka, na ndani yake pini ya nywele ambayo si yangu na kifungo cha shati. Nilipolitoa tope nikasikia kitu kinadondoka "tak" chini, nadhani ndilo boya. Kabla ya kuwasha nimemwaga vikombe viwili vya maji hapo kwenye tundu, nikarudisha kondensa na tangi. Kuwasha tu pampu ikaanza kunguruma, baada ya muda maji yakaonekana kwenye tangi.

Mzigo wa kwanza umejaza zaidi ya nusu tangi na madirisha makavu. Taa haijawaka. Lakini kuna jipya: sasa programu ya "tayari kwa kabati" inamaliza mapema mno, na mikunjo ya jinzi bado ina ubichi. Nikiweka ya dakika za kuchagua mwenyewe inakausha vizuri.

Mzee wa Swichi
Safi sana dada. Hilo la pili ni dogo. Ndani ya pipa, karibu na mlango, kuna vipande viwili vya chuma kinachong'aa. Nguo mbichi zikivigusa vyote viwili umeme mdogo sana unapita; zikikauka haupiti, na mashine inajua imemaliza. Vikipakwa utando wa dawa ya kulainishia nguo, au chokaa ya maji, ambayo huko kwenu kusini ni nyingi, mashine inadanganyika kwamba nguo ni kavu. Futa kwa kitambaa chenye siki nyeupe, kisha kwa maji, kausha. Karatasi za manukato za kutupia ndani ya draya ndizo zinazoacha utando kuliko vyote, zipumzishe.

Na usichanganye jinzi nzito na fulana katika mzigo mmoja. Fulana zikikauka na ndizo zinazogusa vyuma, jinzi itaachwa hivyo hivyo.

BabaNuru
Na kwenye kufua weka mizunguko 1200 au 1400 ya kukamua. Maji yanayotolewa kwa kukamua ni rahisi mno kuliko ya kutolewa kwa hita. Hizi za kondensa zinakula karibu yuniti 4 hadi 5 kwa mzigo kamili, za pampu ya joto ni nusu yake au chini. Ndiyo maana huku Umoja wa Ulaya tangu Julai 2025 draya mpya zinazoingizwa sokoni ni za pampu ya joto. Ila usiitupe yako inayofanya kazi kwa sababu hiyo. Bei ya mpya itakuchukua miaka kuirudisha.

Chuma cha Pua
Nimekubali yaishe 🙌 Ila plagi iingie ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni pamoja na birika. Na msiiache inafanya kazi mkiwa mmelala, manyoya yale yanashika moto upesi.

Mama Pacha
Nimefuta kwa siki, jinzi zimetoka kavu mpaka mifukoni. Mume amesoma uzi wote, amenyamaza 😂 Mungu awabariki. Kondensa niwe naiosha kila baada ya muda gani?

Mzee wa Swichi
Kwa familia yenye mapacha, kila mwezi. Tangi unamwaga kila mzigo, usisubiri taa.

Ngozi Nyembamba
Wakuu nidandie hapo hapo. Yangu haizunguki kabisa, inanguruma tu halafu inazima. Kondensa safi.

Mzee wa Swichi
Chomoa, ingiza mkono, zungusha pipa. Likizunguka jepesi mno bila kukinza chochote, mkanda umekatika. Likikinza kidogo kama kawaida, na ukiwasha linanguruma bila kwenda, nashuku kapasita ya mota, hiyo mpe fundi. Fungua uzi wako, huu wa dada umekwisha.