Wanaotangaza Tarehe za Mwisho wa Dunia Watujibu: Siku Ikipita, Nani Anamlipa Aliyeuza Shamba?

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa urefu wake. Nimechoshwa na watu wanaochukua kila tetemeko la ardhi, kila kupatwa kwa mwezi na kila vita vya Mashariki ya Kati, wakavigeuza kuwa tangazo kwamba dunia imebakiza wiki kadhaa, kisha tarehe ikipita wakanyamaza kidogo na kurudi na tarehe nyingine kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kutamkwa. Siku ya Mwisho naiamini, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia kwamba naikejeli dini. Ninacholalamikia ni biashara ya hofu inayofanywa kwa jina la dini, na kwamba wanaoifanya hawawajibiki kwa mtu yeyote.

Nianze na maandiko, kwa kuwa ndiyo wanayojikingia. Katika Mathayo 24, wanafunzi wanamuuliza Yesu juu ya Mlima wa Mizeituni kuhusu dalili ya kuja kwake na ya mwisho wa dunia, na kabla hajataja vita, njaa wala matetemeko, neno la kwanza analowaambia ni hili: "Angalieni, mtu asiwadanganye." Kisha anasema: "Nanyi mtasikia habari za vita na matetesi ya vita; angalieni, msitishwe; maana hayo hayana budi kutukia; lakini ule mwisho bado." Wahubiri wetu wa mitandaoni huusoma mstari huo kwa sauti ya kutisha mpaka kwenye "matetesi ya vita", wakakoma hapohapo, kwa sababu maneno yanayofuata yanawaharibia mahubiri. Wakifika mstari wa 36, unaosema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake, wanajitetea kwamba wao hawajataja siku wala saa, wametaja mwezi na mwaka tu. Sijui kama utetezi wa namna hiyo unamdhihaki msikilizaji zaidi au Maandiko yenyewe.

Upande wa Waislamu hali haina tofauti. Qurani, katika sura ya Al-A'raf aya ya 187, inamwelekeza Mtume awajibu wanaouliza kuhusu Saa, yaani Kiyama, kwamba elimu yake iko kwa Mola wake. Katika hadithi mashuhuri ya Jibril aliyoipokea Imam Muslim, malaika mwenyewe anamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu Kiyama, na jibu ni kwamba anayeulizwa si mjuzi zaidi kuliko anayeuliza. Dalili ambazo Mtume alizitaja baada ya hapo, ya kijakazi kumzaa bibi yake na ya wachunga mifugo wasio na viatu kushindana kujenga majumba marefu, hazikufungwa kwenye mwaka wowote. Ikiwa Jibril hajui na Mtume hajui, huyu mwenye simu na kipaza sauti ameipata wapi?

Halafu kuna ule ujumbe wa ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume kule Madina, unaoonya kwamba Kiyama kimekaribia na kwamba asiyeusambaza atapatwa na balaa. Wengi wenu mmeupokea kwenye simu mkadhani ni wa juzi. Barua ya ndoto hiyo ilizunguka Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1908 ikawatia watawala kiwewe, na Sheikh Abdul Aziz Ibn Baz, ambaye baadaye alikuwa Mufti Mkuu wa Saudia, aliandika waziwazi kwamba ni uzushi. Bado inasambazwa na watu wanaojiita wasomi.

Nije kwenye dalili zenyewe. Tunaambiwa matetemeko yameongezeka kupita kiasi. Kwa wastani dunia hupata takriban matetemeko 15 kwa mwaka yenye ukubwa wa 7 na kuendelea, na moja hivi la 8 au zaidi, na kumbukumbu za tangu mwanzoni mwa karne ya 20 zinaonyesha wastani huohuo, ingawa ipo miaka inayozidi na inayopungua. Kilichoongezeka ni vituo vya kupimia, ambavyo mwaka 1931 vilikuwa takriban 350 duniani kote na sasa ni maelfu, pamoja na simu zinazotuletea picha za maafa dakika hiyohiyo. Watu wa Lisbon walipoangukiwa na makanisa yao tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, nao walihubiriwa kwamba hiyo ni hukumu na kwamba mwisho umefika.

Mwezi wa damu, yaani mwezi unaogeuka mwekundu unapopatwa, ndio unaonikera zaidi, kwa sababu hapo hakuna hata nafasi ya kubahatisha. Kupatwa kwa mwezi kunakokotolewa karne nyingi mbele, dakika kwa dakika. Kati ya Aprili 2014 na Septemba 2015 mwezi ulipatwa kikamilifu mara nne mfululizo, zikahubiriwa zote nne kuwa utimilifu wa unabii wa Yoeli kwamba mwezi utageuka kuwa damu, kwa kuwa zilikutana na sikukuu za Kiyahudi. Sikukuu hizo, Pasaka na Vibanda, huangukia mwezi mpevu kwa kalenda yake yenyewe, na mwezi haupatwi wakati mwingine wowote isipokuwa unapokuwa mpevu. Karne hii peke yake ina mifululizo minane ya namna hiyo. Tarehe 28 Septemba 2015 ikapita, na wale waliouza vitabu na kanda za video hawakurudisha hata senti moja.

Mto Frati, ambao Waislamu wanauita Furati, unatajwa katika Ufunuo 16:12, pale malaika wa sita anapomimina kitasa chake na maji yakakauka, na katika hadithi sahihi unatajwa kwamba utafichua mlima wa dhahabu. Sasa kila kiangazi kuna anayeonyesha picha ya kingo zilizopasuka na kulia kwamba yametimia. Hasemi kwamba mto huo umejengewa mabwawa makubwa Uturuki na Syria, kwamba bwawa la Atatürk lilipoanza kujazwa Januari 1990 mtiririko wake ulizuiwa kwa takriban mwezi mzima, wala kwamba mvua zimepungua na kilimo cha umwagiliaji kinayafyonza maji. Mkulima wa Iraq anayekosa maji ya shamba lake hana nafasi katika mahubiri hayo isipokuwa kama pambo.

Na chapa ya mnyama, ile ya Ufunuo yenye hesabu ya 666? Msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine kwenye bidhaa, ulipoanza kutumika madukani mwaka 1974, ikaja kusemwa kwamba ndani yake kumefichwa 666. Baadaye chapa ikahamia kwenye kadi za benki, ikahamia kwenye intaneti, ikahamia kwenye vitambulisho vya kielektroniki, na mwaka 2021 ikaingia kwenye sindano ya chanjo. Haiwezekani vyote hivyo viwe chapa moja, lakini sijamsikia hata mhubiri mmoja akitangaza kwamba ile ya zamani ilikuwa uongo kabla ya kuhamia kwenye mpya. Wataalamu wengi wa Maandiko wanaielekeza hesabu hiyo ya 666 kwa Kaisari Nero, aliyewatesa Wakristo wa Roma, jambo ambalo angalau linaeleza kwa nini wasomaji wa kwanza wa Ufunuo waliambiwa waihesabu wenyewe.

Mnaosema kwamba safari hii ni tofauti, someni yaliyopita. William Miller, mkulima wa Marekani, alihesabu kutoka kitabu cha Danieli akafikia mwaka 1843 hadi Machi 1844. Ilipopita, wafuasi wake wakashika 22 Oktoba 1844, na baadhi yao waliacha mazao shambani bila kuvuna kwa kuwa hayakuwa na kazi tena. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani aliyekwisha kukosea mwaka 1994, alitangaza unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa mbinguni, wa 21 Mei 2011, akausogeza hadi 21 Oktoba mwaka huohuo, na mstaafu mmoja wa New York alitumia takriban dola 140,000 za akiba yake kubandika matangazo ya siku hiyo. Nitamtendea haki Camping: mwaka 2012 alikiri kwamba kutaja tarehe ilikuwa dhambi. Wangapi wa sasa wamefanya hata hilo? Septemba 2025 tuliambiwa tena kwamba unyakuo ni tarehe 23 au 24, na mitandao ikajaa watu wanaoaga ndugu zao.

Tarehe 20 Novemba 1979, siku ya kwanza ya mwaka 1400 wa Hijria, Juhayman al-Otaybi na wenzake wenye silaha waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka na kumtangaza shemeji yake kuwa ndiye Mahdi, kiongozi anayetarajiwa na Waislamu kabla ya Kiyama. Mapigano yalichukua wiki mbili, mamia wakafa, na huyo aliyetangazwa kuwa Mahdi akafia humohumo. Miaka ya karibuni kundi la Dola ya Kiislamu liliwavuta vijana kutoka nchi nyingi kwa ahadi ya vita vya mwisho katika kijiji cha Dabiq, kaskazini mwa Syria, ambacho kimetajwa katika hadithi. Oktoba 2016 wapiganaji wao walikiacha kijiji hicho karibu bila kupigana. Vijana waliokufa kwa ajili ya unabii huo hawakuombwa radhi na mtu.

Ndipo ninapofika kwenye kinachoniuma hasa. Mwaka 1856 binti wa Kixhosa wa Afrika Kusini aitwaye Nongqawuse alisema mizimu imemwambia kwamba watu wakichinja ng'ombe wao wote na kuharibu nafaka yao, wafu watafufuka na Wazungu watafukuzwa baharini. Inakadiriwa ng'ombe 400,000 walichinjwa, na njaa iliyofuata iliua takriban watu 40,000, huku serikali ya kikoloni ikijitwalia ardhi kwa urahisi. Kule Kanungu, Uganda, wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu waliuza mali zao wakisubiri dunia iishe mwaka 1999 utakapomalizika. Mwaka ukaisha, minong'ono ikaanza, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya kanisa lao, kisha makaburi mengine yakafukuliwa. Katika msitu wa Shakahola, Kenya, mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, waliaminishwa kwamba wakifunga chakula mpaka wafe watakutana na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Watoto walikuwamo. Mtoto hakuhesabu miaka ya Danieli wala hakuchagua mhubiri.

Najua jibu litakalokuja: kwamba hao walikuwa wapotovu, na kwamba anayetabiri tu kwenye video hamuui mtu. Sikubali. Hakuna aliyeingia msituni akiwa hajatishwa kwanza. Anayemwambia mzazi kwamba elimu ya mwanawe haina faida tena, anayemwambia mgonjwa kwamba dawa ni ya kidunia, anayemshauri mtu aache kazi na aitoe akiba yake kama mbegu kwa sababu fedha hazitavuka ng'ambo, huyo amekwisha kumvua mwenzake kila kinga. Na fedha zenyewe, mtakuwa mmeona, zinavuka vizuri sana mpaka kwenye akaunti ya mhubiri, ambaye nyumba anaijenga kwa msingi wa mawe.

Tarehe ikipita tunasikia visingizio vilevile. Mara hesabu ilikuwa na kosa dogo la kalenda, mara jambo limetimia katika ulimwengu wa roho, mara maombi yetu yameuahirisha mwisho na hivyo tuzidi kutoa. Hicho cha mwisho ndicho kinachonichefua kuliko vyote, kwa sababu kinamfanya aliyedanganywa amshukuru aliyemdanganya. Kumbukumbu la Torati 18:22 lina kipimo kilicho wazi kabisa: nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitimie, hilo Bwana hakulinena, "kwa kujikinai amelinena huyo nabii, usimwogope." Paulo naye, katika waraka wa pili kwa Wathesalonike, alilazimika kuwatuliza watu waliofadhaishwa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo, akataja hata waraka unaodhaniwa kuwa umetoka kwake, na katika waraka huohuo akawakemea walioacha kazi, akasema asiyetaka kufanya kazi na chakula asile. Mtume Muhammad naye amepokewa akisema kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Nashangaa kwamba mafundisho haya, ambayo yanazungumzia hasa namna ya kuishi karibu na mwisho, hayapati hata dakika moja kwenye vipindi vya saa tatu.

Ninachodai ni kidogo. Anayetangaza tarehe aandike mapema, kwa jina lake, atafanya nini ikipita: atarudisha sadaka za nani, ataacha kuhubiri kwa muda gani, na atasimama wapi kuomba radhi. Viongozi wa dini wanaojua kwamba huu ni uzushi waseme hadharani wakati uzushi unaenea, badala ya kungoja makaburi yafukuliwe ndipo watoe tamko la masikitiko. Waumini wenzangu mhifadhi video hizo na mziweke hewani siku inayofuata tarehe iliyotajwa, ili mhusika asipate mahali pa kujificha. Na kama humu ndani yuko mwenye tarehe mpya, aiweke hapa chini ya uzi, akitueleza na yeye mwenyewe amekwisha kuuza nini cha kwake.