Mfamasia akikataa kuuza vidonge vya uzazi wa mpango, mteja aende wapi?

Wakuu, kila tukigusa suala hili hoja ni ileile: mfamasia naye ana imani yake, asilazimishwe kuuza anachoamini ni dhambi, mteja aende duka la jirani. Naiheshimu, isipokuwa hapo kwenye "duka la jirani". Hapo ndipo tunapoachana.

Chukueni kesi ya Wisconsin, Marekani, mwaka 2002. Mwanafunzi wa chuo kikuu alikwenda duka la dawa kuchukua vidonge vyake. Mfamasia aliyekuwa zamu peke yake, Mkatoliki, akakataa. Binti akaenda duka jingine. Sasa, kule cheti cha daktari kikishasajiliwa duka moja, duka la pili haliwezi kutoa dawa mpaka la kwanza likihamishe. Wakampigia simu mfamasia yule, akakataa hata kukihamisha, kwamba huko nako ni kushiriki dhambi. Vidonge hivyo humezwa kila siku, na binti akakosa dozi. Bodi ya wafamasia ikamwadhibu mwaka 2005, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya jimbo ikakubali kwamba alikiuka maadili ya kazi yake.

Kukataa kuuza kwa mkono wangu ni jambo moja. Kuzuia cheti cha mwenzangu ili asihudumiwe popote ni kumwamulia maisha yake.

Mtanitajia Olympia, jimbo la Washington, ambako familia yenye duka ilikataa kuweka vidonge vya dharura, vya kuzuia mimba baada ya tendo la ndoa, huku maduka zaidi ya 30 yaliyo ndani ya kilomita 8 yakiwa navyo. Kweli, hoja yao ina uzito. Kwa mji kama ule ni vigumu kumwonyesha mtu aliyeumia. Hata hivyo mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliiacha kanuni ya jimbo, inayoyataka maduka yatoe dawa halali zinazohitajika, isimame, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri, Jaji Alito akipinga. Kanuni haitungwi kwa ajili ya Olympia tu. Kuna miji yenye duka moja, na vidonge hivi vingi vinatakiwa kumezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo, kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua.

Ulaya walilisema wazi zaidi. Wafamasia wawili wa Salleboeuf, Ufaransa, waliwanyima dawa za uzazi wa mpango wanawake watatu wenye vyeti mwaka 1995. Mwaka 2001 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwakatalia: dawa hiyo ni halali, kwa cheti inauzwa famasi tu, basi huwezi kumbebesha mwingine imani yako.

Msimamo wangu: mwenye pingamizi amwambie mwajiri mapema, apangiwe mwenzake wa kuhudumia. Akiwa zamu peke yake, ahudumie.

Anayepinga anijibu: mji una famasi moja, Jumamosi jioni, saa 60 zimeshapita. Huyo dada mnamwelekeza wapi?