Wi-Fi ya nje mwaloni Igombe: antena ipi, umeme upi?

MamaDagaa: Habari za jioni wakuu. Nina duka Igombe, Mwanza, karibu na mwalo (ufuko wa kushushia samaki) wa Ziwa Victoria, nauza vocha za Wi-Fi kwa wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Nataka kufunga akses pointi (kifaa cha kurusha Wi-Fi) ya nje kwenye bomba la mita 6 ili mtandao ufike kwenye mitumbwi na vichanja. Ni kama mita 150 kutoka dukani, na duka liko juu ya mteremko, mita 12 hivi kutoka usawa wa maji. Fundi anataka ninunue antena ya kusambaza pande zote, dBi 12 (dBi ni kipimo cha ukuzaji wa antena), anasema dBi zikizidi ndivyo unavyofika mbali. Umeme: betri, inveta, halafu adapta yake ya kawaida. Umeme hukatika jioni, saa ileile wateja wangu wanaulizia bei za mjini. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

FundiMinara: Dada, hiyo antena iache. dBi haziongezi nguvu, zinaikusanya tu iliyopo. Ya pande zote ikifika dBi 12 mawimbi yanakuwa bapa kama chapati, wima nyuzi 7 hivi. Sasa piga hesabu: antena yako itakuwa mita 18 juu ya mwalo, na mwalo uko mita 150 mbele. Hiyo ni kama nyuzi 7 kwenda chini, wakati wimbi linashuka nyuzi 3 na nusu tu, yaani nusu ya zile 7 za wima. Litapita juu ya vichwa vya wateja wako, na sehemu kubwa itaishia nyuma ya duka. Chukua antena ya sekta, inayorusha upande mmoja tu, nyuzi 90 au 120, ielekeze mwaloni na uiinamishe. Iwe ya gigahezi 2.4, maana simu nyingi za bei nafuu hazina 5. Kupandisha nguvu ya kurusha hakusaidii sana, simu ya mvuvi nayo lazima isikike huku juu.

SolaKirumba: Naongezea ya umeme. Kifaa cha wati 10 kwa saa 24 kinakula wati-saa 240. Betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina 1,200. Kama ni ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una siku mbili na nusu. Paneli ya wati 100 inatosha hata kukiwa na mawingu. Inveta sioni kazi yake: inapandisha hadi 230, adapta inashusha tena, unapoteza mara mbili. Tumia kibadilisha volti kutoka betri moja kwa moja hadi PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya wa mtandao.

MamaDagaa: Asanteni sana. Rauta nayo niiweke kwenye betri hiyo hiyo?

SolaKirumba: Ndiyo, ongeza wati zake kwenye hesabu. Waya wa mtandao usizidi mita 100, na uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba unapoteza volti njiani.

Nyanza_Usiku: Mmesahau radi, na ziwa hili usiku mnalijua. Bomba lifungwe waya wa ardhi hadi kwenye fimbo iliyozikwa, na kizuia mshtuko kikae pale waya unapoingia ndani. Radi ikipiga bomba lenyewe hakitakuokoa, lakini ya jirani kinaweza kuidaka.

MamaDagaa: Nimeangalia lebo ya akses pointi, imeandikwa volti 24. Fundi kaleta kisanduku cha PoE cha volti 48.

FundiMinara: Usikichomeke dada! Visanduku vya 48 vinavyofuata kiwango cha PoE kiitwacho 802.3af huuliza kifaa kwanza kabla ya kutoa umeme, lakini vipo vingi visivyouliza, vinaunguza hapo hapo. Mrudishie, akuletee cha 24.