Naomba ushauri: Land Rover ya mwaka 1968 na rangi yake ya kiwandani

Ndugu zangu wenye uzoefu na magari ya zamani, nimerithi kutoka kwa marehemu baba Land Rover Series IIA ndefu, ile ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambayo imesimama bandani Karatu kwa zaidi ya miaka kumi. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 bado inazunguka, hivyo hiyo hainisumbui.

Kinachonisumbua ni rangi. Mafundi watatu niliowaendea wote wanataka kuipiga msasa na kupuliza upya, ilhali mimi natamani kuibakiza kijani ya kiwandani, pamoja na mikwaruzo yake na maandishi yaliyofifia mlangoni, kwa kuwa ikishafutwa hairudi tena. Bodi ni ya aloi ya alumini, kwa hiyo haijaoza. Lakini chasisi imeliwa na kutu, na kila mahali chuma kinapogusana na alumini rangi imevimba na kutoa unga mweupe.

Je, chasisi inaweza kuchomelewa bila kuibabua rangi, au ni lazima bodi yote ifunguliwe? Uvimbe ule niusafishe vipi bila kuharibu rangi inayouzunguka? Nilijaribu polishi laini upande wa ndani wa mlango, kijani ikang'aa vizuri mno, lakini kitambaa nacho kikageuka kijani, nikaacha mara moja kwa kuhofia kwamba tabaka lililobaki ni jembamba. Je, niendelee, au niioshe tu kwa sabuni na kuipaka nta?