Tajiri anataka AI ijibu wageni wa gesti, mimi nibaki na kazi gani?

mkomani_kwetu

Salaam aleikum wadau. Niko Lamu, nafanya kazi kwa gesti moja hapa mjini, vyumba si vingi, mimi ndiye risepsheni, mimi ndiye karani, mimi ndiye wa kupigiwa simu saa sita ya usiku mgeni akipotelea vichochoroni. Sasa mpwa wa tajiri kaja kutoka Nairobi kupumzika, akamuonyesha mjomba wake simu, kauliza swali AI ikajibu kwa Kiingereza safi, halafu Kifaransa, halafu Kitaliano. Tajiri macho yakamtoka. Anataka WhatsApp na imeili zote za wageni zijibiwe na hiyo kitu, na mimi nikimuuliza nitakuwa nafanya nini ananiambia "tutaona". Na mnajua mtu mzima akisema tutaona maana yake nini.

Wakaijaribu. Mgeni kauliza atafikaje kutoka uwanja wa ndege, ikamjibu kwa adabu zote kwamba teksi itamchukua pale nje imshushe mlangoni kwa gesti, na paking ipo ya bure. Jamani!! Uwanja uko Manda, ng'ambo ya maji, mtu akishuka kwa ndege anatembea na begi lake hadi jeti anapanda boti, na huku mjini hata hiyo teksi ikija itapita wapi, vichochoro vyenyewe punda wawili waliobeba mawe wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Nikamuonyesha tajiri, akacheka, akasema itajifunza.

Mimi siipingi AI, wallahi, mwenyewe naitumia kimya kimya kunyoosha Kiingereza changu. Nauliza tu, kuna mtu humu imeingia kazini kwake na watu hawakutolewa? Ilipangwa vipi? Nataka nimpelekee mzee kitu cha maana, sio kwenda kulia lia.

tabibu_wa_malindi

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mimi ni klinikal ofisa. Ya kwetu sikwambii maana kwetu hata printa inafanya kazi kwa dua, lakini kuna jambo lilifanyika Nairobi watu wa afya tumelizungumza sana. Kliniki 15 za Penda Health ziliweka AI ndani ya ile programu ya kuandikia mgonjwa. Haiongei na mgonjwa kabisa. Wewe unamuona mgonjwa wako, unaandika, yenyewe inasoma nyuma yako, ikiona sawa inaweka kijani, ikiwa na wasiwasi njano, ikiona hatari nyekundu, hapo inabidi usimame usome imesema nini. Ukikubali unabadilisha, ukikataa unaendelea, uamuzi ni wako na jina kwenye faili ni lako. Matokeo yalitoka 2025, mara 39,849 za mgonjwa kuonwa, upande uliokuwa na AI makosa ya kutambua ugonjwa yalikuwa pungufu kwa 16% na ya matibabu 13% kuliko upande usiokuwa nayo. Walifanya utafiti huo pamoja na OpenAI wenyewe, wale wenye ChatGPT, kwa hivyo soma ukijua nani anauza nini, lakini bado si jambo dogo.

Ila ninachotaka ukishike si hizo asilimia, ni jinsi walivyoiweka. Na hata kuiweka tu haikutosha, mwanzoni watu walikuwa wanaipita hiyo nyekundu kama hawakuiona, ikabidi wenzao wa kazi wawakalie waonyeshane namna ya kuitumia.

Kwako wewe ifanye hivohivo, iwe nyuma yako. Swali la mgeni likija, AI iandike rasimu, wewe usome, utoe hiyo teksi yake ya Manda, utume. Ikiwa mbele yako basi wewe utakuwa mtu wa kuomba msamaha tu.

kijana_wa_gede

Hahaha paking ya bure Lamu nimecheka hadi basi.

Mimi natembeza wageni kwenye magofu ya Gede na Malindi mjini. Huku Kitaliano tulikipata mapema kuliko wengi, tangu Wataliano waje na ile San Marco yao ya kurusha roketi pale Ngomeni miaka ya 60, baada yake mahoteli, sisi watoto tumekua tunasikia ciao sokoni. Kwa hivyo zilipokuja simu za kutafsiri tukasema basi, biashara imekwisha, lugha ndio ilikuwa mtaji wetu. Haikuwa hivyo. Mgeni anatumia simu kuulizia bei ya embe, lakini akisimama pale msikitini Gede, kwenye kisima, anataka mtu wa kumuuliza na wewe unaishi wapi, babu yako alikuwa akija hapa, mbona mnasema pana mizimu.

Sasa mimi AI naitumia usiku. Nikijua kesho nina Wajerumani, Kijerumani changu ni cha kuombea maji, naiambia niandikie maelezo mafupi, nasikiliza matamshi, nafanya mazoezi. Lakini lazima uijue kazi yako kwanza! Iliwahi kuniandikia kwamba Gede walijenga Wareno. Vasco da Gama kafika Malindi 1498, Gede ilikuwa mji wa Waswahili karne na karne kabla yake, wenye misikiti na vyoo na mifereji. Ningekuwa mgeni kwa hii kazi ningesimama mbele ya watu niseme ujinga huo kwa Kijerumani kizuri.

nilikuwa_mwandishi

Msimdanganye kijana wa watu. Mimi niko Malindi, nilikuwa naandika makala za mtandaoni, order zinatoka Marekani na Uingereza, nyumba nimelipa kwa hiyo kazi, mdogo wangu amesoma kwa hiyo kazi. ChatGPT ilitoka Novemba 2022. Mwaka uliofuata order zikawa za kutafuta kwa tochi, na zile zilizobaki wanakwambia hii imeandikwa na AI wewe ifanye isomeke kama mtu, kwa robo ya bei. Hakuna aliyekuja kunisaidia, mimi nilitolewa. Na walioisafisha hiyo ChatGPT isitoe matusi ni Wakenya wenzetu, jarida la TIME liliandika Januari 2023 walikuwa wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu ambao siwezi kuuandika hapa.

Halafu kuna ule utafiti wa wachumi kina Brynjolfsson, wa watu wa kujibu wateja, zaidi ya wafanyakazi 5,000, kila mtu huutaja kama habari njema. AI ilikuwa inawapendekezea majibu, matatizo wanayoyamaliza kwa saa yakaongezeka 14% kwa wastani, na kwa wale wageni wa kazi 34%. Wale wazoefu karibu hawakupata kitu. Kwa nini? Kwa sababu mashine ilisoma mazungumzo ya hao hao wazoefu, ikachukua maneno yao ikawapa wanafunzi. Mzoefu aliongezwa mshahara kwa kazi hiyo ya kufundisha? Sasa rudi kwako Lamu. Hiyo AI "itajifunza" kwa nani? Kwa WhatsApp yako ya miaka yote. Ikishajifunza, tajiri ataajiri mtoto wa fomu four kwa nusu ya pesa zako akae abonyeze tuma. Tabibu amesema iwekwe nyuma yako, sawa, lakini swali ni nani atakaa hapo mbele na kwa shilingi ngapi.

tabibu_wa_malindi

@nilikuwa_mwandishi pole sana kaka na sikupingi. Ila kazi yako ilikuwa mwenye kuagiza hakujui, hajawahi kukuona, anataka maneno tu. Huyu mgeni wa Lamu akishuka Manda anataka mtu amsimamie pale jetini.

nilikuwa_mwandishi

Anataka beharia na mtu wa kubeba begi. Hao wapo tayari.

bi_shela

Wanangu punguzeni moto. Mimi nimefanya kazi za ofisi za hoteli miaka mingi, nikupe vitu viwili vitatu vya kumwambia tajiri wako, maana tajiri huelewa hasara kabla ya kuelewa huruma.

Kwanza, majibu ya AI ni majibu ya gesti. Kule Kanada, shirika la ndege la Air Canada, AI ya tovuti yao ilimwambia abiria aliyefiwa kwamba anaweza kununua tiketi halafu adai punguzo la msiba baadaye, kumbe sheria yao haikubali hivyo. Abiria kadai, wao wakajitetea eti ile AI inajibika yenyewe kwa maneno yake! Baraza la kuamua madai likawakatalia Februari 2024, wakalipishwa zaidi ya dola 800 za kwao. Muulize tajiri, mgeni akiahidiwa teksi hadi mlangoni, au akaahidiwa chumba wiki ya Maulidi wakati mji mzima umejaa na watu wanalala kwa jamaa zao, nani atamrudishia pesa.

Pili, pasipoti. Najua gesti zetu, mgeni anapigwa picha ya pasipoti kwa simu ya risepsheni. Msiiingize hiyo kwa AI yoyote mkipanga orodha ya wageni. Sheria ya ulinzi wa data ipo tangu 2019 na ofisi ya kushtaki ipo.

Tatu hii ni yako binafsi. Sheria ya ajira ya 2007, sehemu ya 40. Ukitolewa kwa sababu kazi haipo tena, si kwa kosa lako, inatakiwa notisi isiyopungua mwezi, ofisa wa leba ajulishwe, na ulipwe mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Si lazima umtishie nayo mzee wa watu. Wewe ijue tu.

Hiyo AI mchukulie ni beharia mpya, ana nguvu, ana bidii, lakini hajawahi kupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji wa kwendea Pate. Hapewi msukani.

mkomani_kwetu

Bi mkubwa shukran sana, hii ya Kanada leo leo inaenda kwa tajiri. Na huo Mkanda ndio mfano wenyewe, kuna mgeni alitaka kwenda Pate asubuhi, AI ikampangia saa tatu, kumbe siku hiyo maji yamekupwa na ni bamvua, boti ingekaa kwenye matope na mikoko hadi maji yajae. Mimi kitu cha kwanza nampigia nahodha namuuliza maji saa ngapi ndio nampa mgeni saa.

@nilikuwa_mwandishi umeniuma lakini umesema kweli, hilo la WhatsApp yangu sikulifikiria. Nimekaa nikafikiria hivi, nimwambie tajiri nitaiandikia hiyo AI mimi mwenyewe maelezo yote ya gesti, boti, bei, maji, Maulidi, mwezi wa tano tunafunga vyumba gani, lakini hiyo ni kazi, iandikwe kwenye mkataba na nyongeza yake. Rasimu zote zipitie kwangu. Na yale masaa nitakayookoa nisiambiwe niende nyumbani, niyatumie kuwapigia wageni wa zamani warudi msimu wa mvua, maana hapo ndipo tunalala na vyumba vitupu na hakuna anayewatafuta. Akikataa nyongeza basi aiandikie mpwa wake, tuone atasema Mkanda uko wapi.

Swali moja limebaki. Mpwa anataka AI ithibitishe bukingi yenyewe mgeni akituma meseji ya M-Pesa ya dipoziti. Mnaonaje?

kijana_wa_gede

Hapana hapana. Meseji feki za M-Pesa ziko za kila aina na zinasomeka sawasawa, hata AI zitaidanganya. Pesa aangalie mtu, kwenye till yenu, ionekane imeingia ndio chumba kitoke.

nilikuwa_mwandishi

Hapo nakubaliana nanyi. Na huyo mtu wa kuangalia till awe wewe, usimuachie mpwa.