Kuanza shahada ya uzamivu nikiwa na miaka 53

Mwalimu wa Ruvuma:
Habari zenu, ndugu zangu. Ninafundisha Kiswahili sekondari, nina shahada ya uzamili, na kwa miaka mingi nimekuwa nikirekodi nyimbo za lizombe, ngoma ya asili ya Wangoni. Natamani kuzifanyia utafiti wa uzamivu, lakini wenzangu wananiambia kwamba nitahitimu nikiwa mlangoni pa kustaafu. Je, nianze, au nimechelewa?

Mzee Karani:
Mwalimu, jibu linategemea shahada hiyo unaitakia nini. Ikiwa unatafuta ajira ya chuo kikuu, piga hesabu kwanza: mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na ingawa wahadhiri waandamizi na maprofesa wa vyuo vya umma huendelea hadi 65, vyeo hivyo havitolewi siku ya mahafali. Uzamivu wa miaka mitatu ni wa kwenye makaratasi. Anayesoma huku akifundisha vipindi vyake vyote huchukua zaidi. Watu hupenda kumtaja Ingeborg Rapoport wa Ujerumani, aliyepewa shahada ya udaktari mwaka 2015 akiwa na miaka 102 kwa tasnifu yake kuhusu dondakoo, baada ya utawala wa Wanazi kumzuia mwaka 1938 kwa sababu mama yake alikuwa Myahudi. Ni habari ya kutia moyo, ila mama yule hakuwa akitafuta kazi.

Bi. Mtafiti:
Shikamoo Mzee Karani. Hesabu yako naikubali, ila mimi nilihitimu nikiwa nimekwisha kustaafu na sijutii. Mwalimu, umri wa kuhofia ni wa wazee wanaozijua nyimbo hizo, kwa hiyo usingoje usajili ndipo uanze kunukuu rekodi ulizonazo. Andika kila ubeti, jina la mwimbaji, kijiji na shughuli iliyoimbiwa, kwa sababu kazi hiyo hula miezi na ndiyo itakayolipa uzito pendekezo lako la utafiti. Ukitaka kusoma bila kuhama kituo cha kazi, kiulize Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye vituo mikoani. Kabla ya kukubali msimamizi, muulize kwa adabu anastaafu lini. Kubadilishiwa msimamizi ukiwa sura ya nne kunaweza kukurudisha hadi kwenye nadharia.

Mwalimu wa Ruvuma:
Ahsanteni sana. Cheo sikitafuti; nataka nyimbo zihifadhiwe. Vipi kuhusu ada, nisubiri kiinua mgongo?

Mzee Karani:
Hapana, mwalimu, kiinua mgongo usikiguse. Omba kibali cha mwajiri kwa maandishi na uulize kama kuna ufadhili. Ukikosa, lipa kwa awamu kutoka kwenye mshahara ungali kazini, na utenge fungu la nauli za vijijini, kwa kuwa hilo ndilo ambalo wengi hulisahau kwenye bajeti.