Mjadala: Mgombea urais kutaniana na mpinzani wake, ni ukomavu au ni kuwauza waliompigia kura?

Mzaramo wa Theluji:

Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili bila matusi.

Mimi ni mliberali, nasema mapema ili mtu asihangaike kunitafutia chama. Napiga kura Marekani tangu 2008, zote kwa Democrat, na nakaa Minnesota. Msimamo wangu: mgombea asiyeweza kutaniana na mpinzani wake simwamini, na asiyejua maridhiano ndiyo simwamini kabisa. Vijana wa mrengo wetu wananiambia nimezeeka. Eti ukicheka naye leo, kesho umemgawia sera zako. Ngoja niwape kisa.

Usiku wa tarehe 7 Oktoba 2008 tulikuwa watano sebuleni kwangu, maandazi katikati, tunaangalia mdahalo wa Obama, mgombea wetu wa Democrat, na McCain wa Republican kule Nashville. Wakafika kwenye muswada mmoja wa nishati. McCain akauliza, mnajua nani aliupigia kura? Akamwelekezea mkono mwenzake wala hakulitaja jina. "Yule." Sebule ikanyamaza. Kisha jamaa yangu mmoja akasema, "Anaonyesha mbuzi mnadani huyu?" Tulilala tumenuna.

Siku tatu baadaye McCain alikuja Lakeville, mwendo wa nusu saa tu kutoka kwangu. Mama mmoja akashika kipaza sauti akasema hamwamini Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain akakichukua kile kipaza sauti, akamjibu kwamba hapana mama, huyo ni raia na baba mwema wa familia ambaye anatofautiana naye tu kwenye mambo ya msingi. (Kana kwamba Mwarabu hawezi kuwa baba mwema, najua, hilo nalo lilisemwa sana na lina haki yake.) Mkutano huohuo watu wake mwenyewe walimzomea.

Tarehe 16 wakakutana New York kwenye chakula cha Al Smith. Kwa asiyejua: Wakatoliki huandaa karamu ya hisani kila Oktoba kumkumbuka Al Smith, gavana wa New York na Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais, mwaka 1928, akabwagwa na Hoover. Mwaka wa uchaguzi mara nyingi wagombea huketi meza moja, tai nyeupe shingoni, wakachambuana. McCain alisema amewafukuza washauri wake wote na kazi zao amempa Joe, yule fundi bomba aliyemtaja usiku mzima kwenye mdahalo wa jana yake. Zamu ya Obama ilipofika, akasema jina lake la kwanza alipewa na baba yake, na kwamba kwa Kiswahili "Barack" maana yake ni "yule".

Wakuu, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Ukumbi mzima ulicheka, lakini sisi wenye lugha tulikuwa na cha ziada: tulijua ni uongo mtupu, baraka ni baraka. Neno lililotuuma siku tisa amelichukua, kalifanya jina lake, kamrudishia mwenyewe akiwa amekaa palepale naye anacheka.

Sisi tuna jina la kitu hicho. Utani. Mnyamwezi anaweza kuingia msibani kwetu, akailalia njia ya jeneza akidai hela, akamsema marehemu kwa ubahili wake, na hakuna wa kukasirika. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe. Haki ya kunicheka inakuja na wajibu wa kunizika.

McCain alifariki tarehe 25 Agosti 2018. Kabla ya kufa aliomba watu wawili waliomshinda kwenye mbio za urais wazungumze kwenye ibada yake ya mazishi: Bush wa 2000 na Obama wa 2008. Obama akasimama kanisani Washington akasema mzee amepata cha kucheka mwisho, maana kawalazimisha wote wawili wamsifu mbele ya taifa zima. Siku hiyo ndipo nilipouelewa ule "yule".

Leteni hoja.

Mkata Kamba:

Mkuu, umeandika vizuri ila umetulisha sukari. Waliovaa tai nyeupe walicheka, bili ililetwa kwa nani?

Twende kwenye sheria ya bima ya afya. Tulipigia kampeni bima ya serikali itakayoshindana na bima za makampuni. Baraza la Wawakilishi wakaipitisha ikiwamo, Novemba 2009. Seneti zikahitajika kura 60, Joe Lieberman, seneta huru aliyekaa upande wetu, akakataa, ikatolewa. Maridhiano hayo! Sasa hesabu: Republican wangapi waliipigia kura sheria ilipopita? Sifuri. Seneti sifuri, Wawakilishi sifuri. Tulipunguza bei na mnunuzi hakutokea.

Halafu 2024. Kamala Harris akaenda Ripon, Wisconsin, mji wanaosema ndiko Republican walikozaliwa 1854, akapanda jukwaani na Liz Cheney, mbunge wa zamani wa Republican. Sisi wapiga kampeni wa mitaani tukaambiwa tutabasamu. Wisconsin tukaipoteza, pamoja na majimbo mengine sita ya ushindani. Mimi niligonga milango msimu ule. Hakuna hata mlango mmoja nilioulizwa habari za Cheney. Niliulizwa bei ya mayai na kodi ya nyumba.

Bibi Nesi:

Mwanangu Mkata Kamba, hasira yako naielewa, lakini hiyo sheria unayoiita bei ya kutupa mimi nimeila. Kijana wangu alimaliza chuo hana kazi, akabaki kwenye bima yangu mpaka alipofika miaka 26. Kabla ya hapo tulikuwa tunapokea wagonjwa wenye kisukari ambao kampuni za bima ziliwakataa kwa sababu tu walishaugua kabla ya kuomba. Mgonjwa hakuulizi kura zilikuwa ngapi.

Ungekataa nusu, ungeletewa nzima na nani?

Otieno wa Kondele:

Nusu mkate! Karibuni Kenya. Mwaka huohuo wa 2008 mkicheka na fundi bomba, sisi tulikuwa tumetoka kuzikana, Kibaki na Raila wakatia saini Februari 28 kugawana serikali, nasi serikali hiyo tukaiita nusu mkate. Machi 9, 2018 tukapewa nyingine, Raila na Uhuru wakashikana mikono mlangoni pa Harambee House, na sisi tuliopigwa virungu mtaani tukaipata kwenye runinga.

Na utani tulikuwa nao. Hakuna aliyemshinda Baba Raila kwa hayo, apumzike pema. Anasimama juu ya gari, "Kitendawili!", uwanja mzima "Tega!" Watu walikuwa wanatoka Kisumu hadi Bondo kusikia kitendawili tu. Lakini nakuuliza, Mzaramo: kicheko cha jukwaani kiliniongezea nini mezani? Mimi sipingi maridhiano. Napinga kuyasikia yakiwa yameshakwisha.

Mkata Kamba:

Otieno amemaliza. Mtu akitaka kuridhiana, atuambie kwenye kampeni anachoweza kukiachia na asichokiachia. Vichekesho baadaye.

Asha Jicho:

Mimi nina swali jingine kwa mwenye mada. Aprili 30, 2011, chakula cha waandishi wa habari wa Ikulu, Obama alimchana Trump akiwa ameketi ukumbini, kisa kile cha cheti cha kuzaliwa, Trump akidai Obama hakuzaliwa Marekani. Watu walivunjika mbavu. Trump hakucheka. Huo nao ni utani? Au utani ni pale anapocheka mtu unayempenda?

Mzaramo wa Theluji:

Asha, umenishika pabaya. Nilicheka usiku ule, tena sana. Na nitakwambia kwa nini sidhani ulikuwa utani: ile habari ya cheti ilikuwa tusi, kwamba mtu huyu si mwenzetu, na utani hauwezi kufanyika na mtu anayekataa kwamba wewe ni jirani yake. Obama alijibu kejeli kwa kejeli. Alikuwa na haki. Ila tusiite utani.

Hata 2024. Gavana wangu Walz alipoanza kuwaita wale wakubwa wa upande wa pili watu wa ajabu ajabu, nilifurahi kama mtoto, kesho yake nikalirudia kazini wakati wa mapumziko. Kuna mwenzangu kwenye zamu, mzee wa Kirepublican, ndiye huja na nyaya kuliwasha gari langu likigoma kwa baridi. Aliacha kula. Akaniuliza, "Mimi pia?" Nikasema si wewe. Akafunika chakula chake akaondoka. Ilichukua wiki mbili tukaongea tena. Kama mkakati, neno lile lilituchangamsha sisi tuliokuwa tumeshaamua, basi.

Mkata Kamba, kuhusu bima. Usiku wa tarehe 28 Julai 2017 Republican walitaka kuivunja sheria hiyo. McCain, ambaye 2009 aliipigia kura ya hapana na aliahidi kuiondoa, aliingia Seneti saa saba na kitu usiku, juu ya jicho ana mshono wa upasuaji, akanyoosha mkono, akageuza dole gumba chini. Kura 49 kwa 51. Ile nusu ya kwako iliokolewa na mtu aliyetaniwa na Obama na aliyemwita Obama "yule".

Mkata Kamba:

Usimtie McCain utani wako. Yeye mwenyewe alisema sababu: muswada ulikuja kwa pupa, bila kamati, bila vikao. Alitetea utaratibu wa Seneti. Na hakuwa peke yake, kulikuwa na Collins na Murkowski, maseneta wawili wanawake wa Republican, waliokataa tangu mwanzo, hakuna anayewaimbia.

Mzaramo wa Theluji:

Hilo la akina mama wawili nalikubali, ni haki yao na nimewadhulumu. La utaratibu pia nalikubali, lakini utaratibu ni nini kama si kukubali kwamba mpinzani wako ana kiti mezani?

Na Otieno, hoja yako ya kuyasikia yakiwa yameshakwisha sina jibu lake. Lieberman alijulikana kwamba ni kikwazo. Alihutubia mkutano mkuu wa Republican 2008 kumpigia debe McCain. Tungeambiwa mapema kwamba bima ya serikali inaning'inia kwake, tungejua tunapigia kura kitu gani. Hatukuambiwa. Nimeshiba nusu mkate, lakini nakubali niliagiza mzima.

Bibi Nesi:

Mzaramo, umempelekea huyo mzee wa nyaya hata maandazi?

Mnyamwezi Halisi:

Nimepita nikaona Mzaramo anaandika hoja yenye tarehe na hesabu, nikajua kuna mtu kamwandikia. Mzaramo na hesabu wapi na wapi, wewe si ulikuwa ngomani mwalimu akifundisha kujumlisha?

Siku ukifa huko kwenye barafu nitakuja kukuzika kama ilivyo ada. Nauli tuma sasa hivi, tiketi za Minnesota zinapanda bei wakati wa baridi. Na jeneza sitalipisha njia, nitalipisha buti.